Chuo kikifungua jengo la sera, kijana wa Katangi ana kiti ndani

Shughuli ya kufungua jengo la chuo kikuu tumeizoea. Hema nyeupe, viti vilivyovishwa vitambaa, kwaya, mgeni wa heshima anayechelewa, utepe, halafu bamba linalofunuliwa ukutani likiwa na jina lake na tarehe. Siku hizi kuna nyongeza. Chuo kinachofundisha shahada za uzamili, hasa za uongozi na sera za umma, hakitosheki na utepe. Kinaandaa mihadhara, midahalo na makongamano, kisha kinaweka bango: umma wote mnakaribishwa.

Sasa hebu tuulize swali ambalo bango halijibu. Umma upi?

Tuseme wewe ni kijana wa Katangi, moja ya wadi 5 za eneobunge la Yatta katika Kaunti ya Machakos. Nyingine ni Matuu, Kithimani, Ikombe na Ndalani. Umemaliza shule, unaendesha boda ama unauza sokoni, au umehamia Nairobi na unarudi nyumbani Desemba. Ukisikia kuna mdahalo wa sera kwenye ukumbi mpya wa chuo, jambo la kwanza kichwani ni kwamba hiyo ni mambo ya maprofesa na watu wa suti. Unapita.

Ukweli usemwe: ukipita, unaacha kiti ambacho babu na nyanya zako walishakilipia. Historia ya Ukambani yenyewe ndiyo ushahidi.

Jina la nani liko ukutani?

Nje huko, majengo ya shule za sera hubeba majina ya matajiri. Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kilianzisha shule yake ya uongozi mwaka 2010, na jengo lake la vioo likafunguliwa rasmi 2016. Shule hiyo inaitwa Blavatnik, jina la bilionea aliyetoa pesa. Kule Marekani, shule ya sera ya Chuo Kikuu cha Michigan imebeba jina la Rais Gerald Ford, lakini jengo lake lililozinduliwa 2006 linaitwa Weill Hall, jina la mwenye benki na mkewe. Chicago nako, Shule ya Harris ilihamia Keller Center mwaka 2019, jengo la zamani lililokarabatiwa kwa pesa za wafadhili.

Si dhambi. Anayetoa pesa hupenda kukumbukwa. Lakini huku kwetu hadithi ni tofauti kidogo.

Upande wa pili wa mpaka wa kaunti, pale Kwa Vonza, Kitui, kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU kama tunavyokiita. Kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kabla ya hapo, tangu 2008, kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi. Na kabla ya hapo kulikuwa na Ukamba Agricultural Institute, wazee wanaikumbuka kama UKAI.

UKAI ilikuwa miongoni mwa taasisi za harambee zilizoibuka nchini miaka ya 1970, wakati kila eneo lilikuwa linachanga ili lipate chuo chake. Harambee ya siku hizo haikuwa ya mwanasiasa kubeba begi la pesa kanisani. Ilikuwa ni shilingi ya mwalimu, mbuzi wa mzee, kuku wa mama, gunia la mahindi, na kijiji kizima kikitaka watoto wasome. Hakuna bamba lenye majina ya watu hao wote. Ukuta wenyewe haungetosha.

Kwa hivyo SEKU ama chuo chochote cha eneo hili kikikata utepe wa jengo jipya na kutangaza mihadhara ya umma, mtu wa Katangi haingii kama mgeni mwalikwa. Anaingia kama mtoto wa mwenye hisa.

Ripoti iliyoandikwa bila kuuliza mtu

Kwani sera ni nini hasa? Ni uamuzi wa serikali juu ya nani apate nini, lini na kwa masharti gani. Maji yapite wapi. Ng'ombe wauzwe bei gani. Mchanga wa mtoni uchotwe na nani. Karo ilipwe na nani. Ni mambo ya kila siku yaliyovaa tai.

Na Ukambani palishakuwa darasa la sera kabla hata Kenya haijawa na chuo kikuu.

Mwaka 1937, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo Machakos. Picha aliyochora ilikuwa ya kutisha: milima imebaki mifupa, mito inabeba udongo, watu na mifugo wamezidi. Kuhusu hali ya udongo hakuwa anadanganya, ukame na mmomonyoko vilikuwepo kweli. Lakini serikali ilikuwa imewabana Wakamba ndani ya hifadhi, huku ardhi ya jirani ikipewa walowezi. Hilo halikuhesabiwa kama chanzo cha shida. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa rahisi kwa aliyeiandika: punguza ng'ombe kwa nguvu.

Ng'ombe wakakamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama Athi River na ilihitaji ng'ombe. Mtu wa kawaida alijumlisha mambo hayo mawili na kupata jibu lake.

Julai 1938, maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walielekea Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association. Walikaa mjini kwa wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana. Hawakuwa na ukumbi wala maikrofoni. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla mwaka huo haujaisha, serikali iliacha mpango wa kuuza mifugo kwa lazima.

Ukishuka mtaa wa Muindi Mbingu jijini Nairobi, kando ya bustani ya Jeevanjee na karibu na City Market, unatembea juu ya jina la mtu aliyepinga sera mbovu na watu wake wakashinda. Na hapo Jeevanjee, kwa miaka mingi, wananchi wamekutana chini ya miti kujadili siasa na uchumi kwa jina la Bunge la Mwananchi. Hakuna bamba wala utepe, na mjadala huwa moto kuliko wa kumbi nyingi zenye kiyoyozi.

Ripoti iliyouliza

Ruka hadi mwaka 1994. Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu kuhusu Machakos ya kuanzia 1930 hadi 1990. Machakos ya wakati huo ilijumuisha pia Makueni, ambayo ilimegwa kuwa wilaya yake mwaka 1992. Kitabu chenyewe kinaitwa *More People, Less Erosion*, na kichwa hicho kinasema yote: watu wameongezeka, mmomonyoko umepungua.

Walichokipata kiliwashangaza wengi duniani. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930. Kwa hesabu ya akina Maher, pale pangekuwa jangwa. Badala yake, milima ile ile ilikuwa imejaa matuta, miti imepandwa, na thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda.

Nani alifanya hivyo? Si mradi mmoja mkubwa wa wafadhili. Ni familia zenyewe, na hasa vikundi vya mwethya, ambavyo kwa sehemu kubwa vilikuwa vya akina mama. Leo tunachimba kwako, kesho kwangu. Walichagua tuta aina ya fanya juu: unachimba mtaro kwenye mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, na baada ya misimu kadhaa shamba linajisawazisha lenyewe kama ngazi. Ukifungua kitabu cha Kiingereza cha uhifadhi wa udongo, hata kilichoandikwa Asia ama Ulaya, utakuta maneno hayo mawili ya Kiswahili, fanya juu, yamebaki kama yalivyo. Maprofesa hawakupata tafsiri bora.

Kuna jambo jingine litakalowagusa ndugu zetu walioko Nairobi. Pesa nyingi zilizochimba matuta hayo, kununua majembe na kusomesha watoto zilitoka mjini, kwenye mishahara ya waliokwenda kutafuta kazi. Zile elfu mbili unazotuma nyumbani kwa simu zina ukoo mrefu.

Lakini tusidanganyane kwamba hadithi iliishia hapo kwa furaha. Watafiti waliofuata walikosoa kitabu hicho. Walisema si kila mtu alipanda ngazi: aliyekuwa na mtu mjini aliwekeza, asiye na mtu alibaki akiuza nguvu zake ama kipande cha shamba. Mjadala huo bado uko vyuoni hadi leo. Na huo ndio uzuri wake. Kijana ambaye nyumbani kwao hakukuwa na mtu wa kutuma pesa ana jambo la kumwambia profesa ambalo halimo kwenye maktaba.

Linganisha sasa ripoti hizo mbili. Ya 1937 iliwatazama watu kama tatizo. Ya 1994 iliwatazama kama watu wenye akili waliokuwa wanatafuta suluhisho. Eneo lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa nani aliulizwa.

Yatta haijamaliza maswali

Kama unadhani mambo hayo ni ya zamani, angalia Yatta yenyewe. Kuna mfereji unaotoa maji Mto Thika na kuyaleta sehemu za Kithimani na Matuu. Ulichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa enzi ya Hali ya Hatari, watu waliofungwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Leo wakulima wanaofikiwa na maji hayo wanalima mboga na matunda ya kuuza. Asiyefikiwa anatazama mawingu. Uamuzi wa mhandisi mmoja wa kikoloni kuhusu mfereji upite wapi bado unaamua nani avune na nani asivune. Hiyo ni sera, bana, hata kama hakuna aliyewahi kuiita hivyo.

Ni Yatta hiihii ambako Askofu Titus Masika alianzisha Operesheni Mwolyo Out mwaka 2009. Kwa asiyejua Kikamba, mwolyo ni chakula cha msaada. Wazo lilikuwa kwamba watu wachimbe vidimbwi vya kuvuna maji ya mvua mashambani mwao na kubadilisha mimea wanayopanda, ili foleni ya msaada iishe. Limetembelewa na wageni wengi kutoka vyuo, mashirika na serikali.

Kuna na mabwawa ya mchanga, ambayo Ukambani inajulikana nayo duniani. Unajenga ukuta wa zege kukingama mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga ambako jua haliyafikii. Ukichimba kidogo wakati wa kiangazi unapata maji. Lakini mchanga huohuo ndio unaotakiwa Nairobi kujengea magorofa. Lori likija kuubeba, linabeba na maji. Kijana anayepakia lori anapata chakula cha leo, dada yake anatembea mbali zaidi kutafuta maji kesho. Nani mwenye haki? Hilo ni swali la mtihani wa uzamili, ila wanaolijua vizuri zaidi hawajawahi kuulizwa darasani.

Ukumbi si lazima uwe wa fahari

Mtu atasema tunahitaji majengo kwanza. Ni kweli majengo yana uzito wake. Makerere, Uganda, jengo kuu lililojengwa 1941 liliteketea usiku wa Septemba 20, 2020, na watu waliosoma hapo miaka mingi iliyopita walilia kama waliofiwa. Lilijengwa upya likafunguliwa tena Oktoba 2024. Haikuwa simenti iliyoliliwa.

Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 bila hata uwanja wake. Kilifungua milango katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria. Kilihamia Mlimani baadaye. Miaka ya mwisho ya 60 na ya 70, midahalo ya Mlimani kuhusu ujamaa na ukombozi wa Afrika ilisikika bara zima. Kilichokipa chuo hicho jina kilikuwa ni hoja, na mlango uliokuwa wazi.

Na sisi wa kizazi hiki tumeshaonyesha kwamba ukumbi unaweza kuwa simu. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipotoka, vijana waliugawa vipande, wakaufafanua kwa video fupi, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani na kuujadili usiku kucha kwenye X Spaces. Mambo ya kodi yaliyokuwa yamefichwa kwenye kurasa nyingi za Kiingereza cha mawakili yakawa mazungumzo ya matatu. Juni 25 vijana waliingia barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Juni 26 Rais William Ruto alitangaza kwamba hatatia saini mswada huo. Gharama ilikuwa kubwa mno, na sababu mojawapo ni kwamba waliotakiwa kusikiliza mapema hawakusikiliza.

Desemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu, ule ulioanza 2023 wa kuwapanga wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa familia, ulikuwa kinyume cha Katiba. Moja ya sababu ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kesi ilienda mbele kwa rufaa. Lakini fikiria kejeli yake: sera inayohusu nani asome chuo kikuu, katika nchi yenye wataalamu wa sera vyuoni, ilikwama mahakamani kwa sababu wananchi hawakuulizwa vya kutosha.

Jinsi ya kuchukua kiti chako

Sheria iko upande wako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kama moja ya maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalibana Bunge la Taifa, cha 196 kinalibana bunge la kaunti. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa 2016.

Weka tarehe hizi kwenye simu. Kila kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha unatakiwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti Aprili 30. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukingoja hadi Juni ndio uulize mbona Katangi haikupata bwawa, umechelewa kwa miezi tisa. Mlango wa kweli hufunguliwa Agosti, mpango ukiandikwa, na mara nyingi mkutano huwa na wazee kumi na viti vitupu.

Kuna na pengo la kujua. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaagiza kila kaunti iwe na jukwaa la bajeti na uchumi. Inataja wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na mashirika ya dini. Vijana hawamo kwa jina. Lazima waingie kupitia mlango wa kundi jingine. Hiyo pekee ni mada tosha ya mdahalo wa kufungua jengo lolote la sera.

Na vyuo navyo vina kazi. Chuo kikitaka kusherehekea jengo jipya kwa mihadhara ya umma, kiitishe mmoja wa mihadhara hiyo soko la Katangi siku ya soko, kwa Kikamba na Kiswahili. Mwanafunzi wa uzamili aliyekuja na fomu za maswali kijijini arudi na majibu, ukurasa mmoja tu, ubandikwe kwenye ofisi ya chifu na kutumwa kwenye grupu za WhatsApp. Watu wa Yatta wamejibu maswali ya watafiti tangu enzi za ukoloni. Ni wachache waliowahi kuona yaliyoandikwa kuwahusu.

Wewe nawe, bango likiandika umma wote mnakaribishwa, nenda. Keti mbele. Wakati wa maswali ukifika, inua mkono na uulize mambo matatu: utafiti huu mliufanya kwa nani, matokeo mmewarudishia lini, na ni uamuzi gani wa serikali uliobadilika kwa sababu yake. Mwenye jibu atafurahi kuulizwa. Asiye nalo atakuwa na kazi ya kufanya ndani ya jengo lake jipya.